Mama hataki kusikia neno "gesti", nami nimeshalipia nyumba ya Mji Mkongwe

Shangazi, shikamoo.

Zimebaki wiki tatu tu na usingizi sipati, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Mama yangu ana miaka 71. Mwaka 1974 aliolewa Unguja, akaishi na marehemu baba Mji Mkongwe, mtaa wa Kiponda, mpaka 1979 baba alipohamishiwa bandari ya Dar es Salaam. Sisi watoto wote tumezaliwa huku. Tangu siku ile mama hajarudi. Nyumba yenyewe tumeijua kwa kusimuliwa: vyumba viwili vya juu, nguo zinaanikwa paani, na upepo ukivuma kutoka bandarini Malindi nyumba nzima inanukia karafuu. Baba alifariki mwaka juzi. Tangu amalize eda mama amekuwa mtu wa kukaa chumbani, na akizungumza, mazungumzo yanaishia Kiponda.

Nikaona nimpeleke. Siku tatu tu, Ijumaa hadi Jumatatu, mwisho wa Septemba. Nilitafuta mtandaoni nikapata nyumba ya wageni karibu na Hurumzi, nyumba ya kale kabisa, mlango wa kuchongwa wenye njumu za shaba, kitanda cha samadari, dirisha linaangalia mapaa hadi baharini. Nilipenda mno. Ni shilingi 240,000 kwa usiku, nikatuma nusu ya zile siku tatu, 360,000. Kwangu si hela ndogo, nimeziweka kidogo kidogo tangu Januari.

Matatizo yameanza nilipomwambia mama. Nilisema tu, "Mama, nimetupatia gesti nzuri sana mjini." Alinyamaza, kisha akasema, "Mimi na umri huu, mjane, nikalale gesti?" Akaingia ndani. Mpaka leo hataki nilitaje jambo hilo.

La pili ni baya zaidi. Juzi nilipiga simu kuuliza kama kuna lifti, kwa sababu mama magoti yanamsumbua na usiku huamka mara mbili tatu kwenda msalani. Kijana aliyepokea akacheka kwa upole, akasema, "Dada, chumba chako ni cha juu kabisa, vidato hamsini na kitu." Hakuna aliyeniambia wakati nalipa, na kwenye picha ngazi hazionekani. Nikaomba wanirudishie pesa, wakasema malipo ya awali hayarudi.

Dada yangu mkubwa anasema niache ujinga, tumpeleke hoteli ya ufukweni Nungwi, vyumba viko chini na kuna bwawa. Mume wangu anasema tusiende kabisa, mama akianguka kule lawama zote zitakuwa zangu. Mama mwenyewe alisikia habari ya Nungwi akasema bahari anaiona hata Kigamboni.

Shangazi, nifanye nini? Nipoteze laki tatu na sitini, au nimpandishe mama yangu vidato hamsini?

Mtoto wa Pili, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu baba yako.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kama mshauri, mara mbili kama mtu aliyeolewa Malindi na akakaa miaka kumi na moja ghorofa ya pili, nyumba ya mawe, watoto wawili na ndoo ya maji. Kwa hiyo nivumilie nikirefuka.

Tuanze na mama, kwa sababu umeanza na chumba na ndipo mambo yalipokwama. Wewe uliposema gesti ulimaanisha mahali pa kulala wageni. Mama yako amekaa Dar es Salaam zaidi ya miaka arobaini, na kwa mwanamke wa rika lake neno hilo ni mlango wenye pazia, watu wanaingia mchana wakiinamisha vichwa. Hakukataa safari yako. Amekataa kuvunjiwa heshima, akiwa mjane ambaye eda yake bado iko karibu moyoni. Rudi kwake leo usiku, baada ya isha, ukae chini na usimame kwenye jambo moja: "Mama nisamehe, nililitaja vibaya. Ni nyumba, kama yenu ya Kiponda. Zamani ilikaa familia, sasa wanapokea wageni." Hilo ni la kweli, hujamdanganya. Kisha mwambie habari ya ngazi. Usimfiche, usimpe kama mshangao mlangoni akiwa ameshatoka kwenye boti. Yeye ngazi za nyumba zile anazijua kuliko wewe, kuliko mumeo, na pengine ana la kusema ambalo hakuna kati yenu aliyemuuliza.

Maana nimeona katika barua yako dada ana neno, mume ana neno, kijana wa kwenye simu ana neno. Mama ameulizwa nini?

Sasa nyumba yenyewe. Nataka uelewe kwa nini chumba kizuri kiko juu, ili ukipiga simu ujue unachokiomba. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa karne ya 19, na waliozijenga walikuwa wafanyabiashara, Waarabu wa Omani na Wahindi. Chini palikuwa pa kazi: duka, ghala, mizigo, mtu baki anayekuja kununua anaishia hapo au kwenye baraza. Watu wa nyumba walikaa juu, kwenye upepo na faragha, wanawake waweze kufungua madirisha bila kuchunguliwa na mpita njia. Ngazi zikabanwa pembeni ili zisile nafasi, kwa kuwa nafasi yenyewe ni haba. Dari la kila chumba limebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake, haivutwi. Ndiyo maana utaona vyumba vyembamba, upana wa mita tatu hivi, vimenyooka kama behewa. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene hata ukikaa dirishani miguu haining'inii nje. Na vidato, mwanangu, havilingani. Cha tatu kirefu, cha nne kifupi, cha tano kimelika katikati kwa nyayo za watu wa miaka mia. Mguu ulioishi pale hukizoea kila kimoja baada ya mwezi. Mguu wa mgeni wa siku tatu hauzoei, na usiku wa manane ndiyo kabisa.

Mama mkwe wangu alipofika umri wa mama yako alikuwa akipanda baada ya alasiri, basi, hashuki mpaka kesho yake. Akitaka mkate alifungua dirisha akateremsha kikapu kwa kamba, ndani yake pesa, muuza mkate anaweka mkate, kikapu kinapanda. Muulize mama kama alikuwa na kikapu. Namna hiyo ndivyo wazee walivyoishi na ngazi zile, kwa kuzipanda mara moja kwa siku. Wewe unataka kumpandisha mama vidato hamsini asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu, kwa ajili ya dirisha ulilolipenda wewe. Nasema hivi kwa mapenzi. Chumba kile kimechaguliwa na macho yako, magoti ni ya mwingine.

Kuhusu lifti, usiwalaumu. Mji Mkongwe una Mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia. Mwenye nyumba haamki asubuhi akatoboa sakafu tatu apitishe lifti. Lawama yao ni nyingine: mtu analipia chumba cha juu kabisa na hakuna aliyemwambia ni cha juu kabisa. Hilo una haki ya kulisema, nami ningelisema.

Ila usilisemee kwenye ujumbe wa maandishi, wala usiombe tena pesa. Ukiomba pesa mtu anajilinda, anakusomea masharti. Omba chumba. Piga simu asubuhi, saa nne hivi, wageni wakiwa wameshakula na wafanyakazi hawana haraka. Omba kuongea na msimamizi, si kijana wa zamu. Na usiingie na hoja moja kwa moja kama tunavyofanya Dar es Salaam. Msalimie mpaka aone umemsalimia. Mwambie mama yako alikuwa mkaazi wa Kiponda, anarudi baada ya miaka mingi, baba amefariki, magoti hayamruhusu. Sema mpo tayari kuchukua chumba kidogo zaidi, kisicho na dirisha la baharini, ilimradi kiwe ghorofa ya kwanza, na kama Ijumaa hakipo, mko tayari kusogeza kwenda Jumapili. Mwisho wa Septemba ni msimu wa wageni, vyumba vinajaa, kwa hiyo tarehe yako ikilegea kidogo unamsaidia naye akusaidie. Mtu wa Unguja mwenye mama hatakusikia akanyamaza hivi hivi. Hilo nakwambia kwa kuwajua.

Akikubali, usikate simu kwa furaha. Muulize vidato vya kufikia chumba hicho ni vingapi, na amtume mtu akahesabu wewe ukisubiri. Wakisema "vichache", vichache vya kijana wa miaka ishirini na miwili havikusaidii. Muulize kama ngazini pana mbao ya kushikilia au ile kamba nene, na taa inayowaka usiku kucha. Muulize msala umo ndani ya chumba au nje ukumbini, na kama pana kizingiti cha kuruka, maana milango ya kale ina vizingiti vya kufika nusu ya muundi na mtu mwenye usingizi anajikwaa. Muulize urefu wa kitanda. Hili watu hawalifikirii. Samadari lile ulilolipenda ni kitanda cha kupandia, zamani kilikuja na kigoda chake. Picha inapendeza, lakini mama atakalia ukingo miguu ikielea na kushuka gizani itabidi aruke. Ama wampe kitanda cha chini, ama waweke kigoda kizito kisichoteleza. Kisha waulize chai ya asubuhi wanainywea wapi. Karibu nyumba zote hizo wanatandika juu paani, kwa sababu ya mandhari, na hapo umekwepa vidato hamsini usiku ukavikuta asubuhi na njaa. Waombe wamteremshie chumbani au uani. Na kiti kigumu cha kuswalia, kama mama anaswali amekaa.

Kelele sitakuambia sana. Adhana ya alfajiri itamfikia kutoka pande zote, na sidhani mama yako atalalamika.

Wakikataa kabisa? Basi iache laki tatu na sitini, mwanangu. Najua umeziweka tangu Januari, na naandika hili nikiumia kwa ajili yako. Lakini usimpandishe kule juu ili kuziokoa pesa ambazo tayari zimetoka. Tafuta nyumba nyingine mle mle mjini, ndogo, ya ghorofa moja, yenye ua wa ndani na vyumba vinavyouzunguka ua. Zipo. Nyingine ni nyumba za familia za Kihindi zilizokuwa na duka mbele, sasa duka ndilo chumba. Waulize pia bei ya Watanzania, maana pengi ni tofauti na bei iliyobandikwa mtandaoni, na ukinyamaza unalipa ya mgeni wa Ulaya.

Nungwi sahau. Dada yako ana nia njema na hoja ya vyumba vya chini ni ya maana, ila Nungwi ni kaskazini kabisa ya kisiwa, na mama hakuishi huko. Bahari ya Kigamboni aliyokutajia ilikuwa jibu kamili. Na mumeo mwambie hofu yake nimeisikia, ndiyo maana nimeandika aya ndefu kuhusu kigoda.

Kuna jambo moja zito zaidi ya ngazi. Mama anakwenda kuitafuta nyumba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mji ule zilichukuliwa na serikali, zikagawiwa familia, chumba chumba, na nadhani ndivyo wazazi wako walivyopata vile vyumba viwili vyao. Watu walikuwa wengi, matengenezo machache. Chokaa inataka kurudiwa, paa likivuja boriti inaoza, na waliokuja baadaye wakaziba nyufa kwa saruji, ambayo hairuhusu ukuta wa mawe na chokaa kutoa unyevu wake. Nyumba kadhaa zimeanguka. Nyingine zimekuwa hoteli, nyingine wamo watu wengine na jina la mama hawalijui. Sitaki alifikie hilo akiwa amesimama juani. Pata kutoka kwake alama: msikiti gani ulikuwa karibu, duka la nani kwenye kona, mlango wa mraba au wenye upinde juu, au ule wa Kigujarati wa vipande vidogo unaokunjwa. Kisha mkifika, mama akipumzika mchana wa kwanza, nenda na kijana wa pale nyumba ya wageni mkaitafute kwanza ninyi. Kiponda na Hurumzi ni jirani, mtarudi kabla hajaamka. Ukishajua kilichopo, mwambie, halafu achague kwenda au kutokwenda.

Na mwandae kwa Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Jengo lile la Sultani Sayyid Barghash la 1883 yeye alilijua lina mnara wa saa, na kila aliyeishi mjini alilitumia kujua saa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka pamoja na mnara, watu wawili wakafariki. Pengine alisikia redioni. Kusikia si sawa na kutokea bustani ya Forodhani, mbele yake, ukainua macho kutafuta saa.

Safari yenyewe ni rahisi. Pandeni boti ya asubuhi, ni takriban saa mbili, kila mmoja na kitambulisho chake mkononi. Bandari ni pale pale Malindi. Waambie wa nyumba ya wageni wamtume mtu na mkokoteni awapokee getini, achukue mizigo, kwa sababu gari litawaacha ukingoni mwa vichochoro na mama asiwe na mfuko hata mmoja, mkono mmoja umshike wewe, mwingine uwe huru kushika ukuta. Viatu vya kufunga, si kandambili.

Halafu msipange mengi. Watu watakuambia Ngome Kongwe, kanisa la Mkunazini lilipokuwa soko la watumwa, Hamamni, soko la Darajani, mashamba ya viungo, yote kwa siku moja. Hiyo ni safari yako, utaifanya mwakani na wanao. Safari hii ya mama inatosha barazani. Mabaraza yale ya mawe nje ya nyumba yanakalika bila kuinama sana, na mtu mzima aliyekaa barazani Mji Mkongwe hawezi kupita nusu saa bila kuamkiwa. Atataja Kiponda, ataulizwa alikuwa nyumba ya nani, na mtu wa tatu atakayepita atakuwa na shangazi yake aliyekuwa akimfahamu. Wewe kaa pembeni, usimharakishe. Jioni moja mpeleke Forodhani kabla ya magharibi, bado kuna mwanga na viti havijajaa, mnunulie urojo, mrudi taratibu.

Nimekupa kazi nyingi kwenye simu moja. Zungumza na mama kwanza leo usiku, kesho asubuhi upige, na uniandikie wamehesabu vidato vingapi.

Shangazi yako